Barua ya wazi kwa mkubwa wa usalama hapa Goma: tupeleke wapi hizi bunduki?

Mheshimiwa papa,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa yako, natumaini mlilala vizuri. Sisi huku Ndosho hatukulala. Juzi saa nane ya usiku watu wanne wameingia kwa jirani na bunduki mbili, wanataka feza za kikundi chetu cha wamama maana yeye ndiye mtunza sanduku, walipozikosa wakapiga risasi ukutani. Ukuta wenyewe ni mbao papa, unajua tunavyojenga juu ya mawe ya volkano, risasi ikapita mpaka kwangu ikatoboa beseni ya sambaza, zile samaki ndogo ninazouza. Mtoto wangu analalaka pembeni ya ile beseni!!

Nikukumbushe kidogo, kazi ni nyingi pengine ulisahau. Kwenye mkutano ulisema silaha zitakusanywa avenyu kwa avenyu, mwezi mmoja tu, tukapiga makofi, hata mimi nilipiga. Huo mwezi sijui ni wa kalenda gani.

Zilikotoka tunajua. Januari 2025 muji ulipochukuliwa na kundi la M23, askari wa serikali walitupa bunduki na nguo za jeshi popote, mpaka ndani ya parseli, viwanja vya nyumba za watu. Kisha benki zikafungwa, feza zote ziko chini ya godoro na kila bandi anajua, sasa kijana ana bunduki hana kazi, unafikiri ataenda kulima? Wengine wanasema kuna wakubwa wanazikodisha usiku, mimi sikuona, nasema tu vile nasikia.

Lakini papa, wengi wanazo na hawazitaki. Aliyeokota anaogopa kuileta, ataulizwa umeitoa wapi, wewe ni mzalendo, mpiganaji wa upande wa serikali, panda gari. Basi anaizika, na bandi anakuja kuichimbua. Zamani kule Katanga walioleta bunduki walipewa baiskeli, na mchungaji ndiye aliongoza ile kazi. Mimi sikuombi baiskeli. Tupatie fasi moja, kanisani, msikitini, kwa shefu wa kartie, popote, mtu aache chuma aende zake bila kuulizwa jina. Fasi moja tu. Hata kesho.

Beseni nimeiziba na kipande cha ndala. Niko soko ya Virunga kila asubuhi, ukipita uniambie hiyo fasi ni wapi.

Mama wa sambaza, Ndosho