Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vya kamati vimefanyika, shamba la mfano limelimwa, mafunzo ya mboji yametolewa, na hesabu zilizokaguliwa mnazo mikononi. Sitawachosha nazo.

Niende kwenye jambo lililozua maneno mengi, yaani uamuzi wa kutonunua mbolea ya kukuzia mwaka huu na kutumia fedha hizo kupima udongo na kununua chokaa ya kupunguza tindikali ya udongo. Imesemwa kwamba mwenyekiti alijiamulia peke yake. Si kweli. Kamati ilipitisha, na muhtasari wa kikao upo. Wazo nililileta mimi, na bado nalisimamia.

Majibu ya maabara yalionyesha kuwa mashamba yetu mengi yana pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho kikishuka tindikali huzidi, chini ya 5.5. Udongo ukifikia tindikali hiyo, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, na kirutubisho cha fosforasi hunaswa mmea usikipate. Waliofika shambani walijionea. Tuling'oa miche: mizizi mifupi, minene, imevimba nchani, na majani ya chini yamegeuka zambarau pembezoni, ilhali mbolea ya kupandia ilikuwa imewekwa. Ningegawa urea, yaani hiyo mbolea ya kukuzia, kwa mashamba ya namna hiyo, ningekuwa nimetupa mali ya chama. Tena urea ikitumika miaka nenda miaka rudi huzidisha tindikali hiyo hiyo.

Wengine wameuliza afya ya watu, niliyoitaja nikitetea upimaji, inahusu nini chama cha wakulima. Inatuhusu sana. Udongo ukipungukiwa madini ya zinki, nafaka nayo hupungukiwa, na mtoto anayekosa zinki hudumaa na kuugua mara kwa mara. Huko China, ugonjwa wa moyo ulioripotiwa wilayani Keshan mwaka 1935 ulikuja kuhusishwa na udongo wenye madini ya seleniamu kidogo mno. Ufini iliamua mwaka 1984 kuchanganya seleniamu kwenye mbolea, na kiwango chake katika damu za wananchi kikapanda. Ndiyo maana nilishikilia tupime kwanza, maana hata chokaa ikizidi, zinki nayo hushikwa udongoni.

Kuhusu ada na mahudhurio, nasema kwa uchungu. Kati ya wanachama 64, waliolipa ni 27. Siku ya kusomewa majibu ya maabara walikuja 19, na waliolalamika zaidi hawakuwamo. Vipimo vya mashamba yao vimebaki kwa katibu hadi leo, havijachukuliwa.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia na ada zikilipwa, kupima tena, kuagiza chokaa mapema kwa kuwa huchukua miezi kufanya kazi, na kutafuta mbolea yenye zinki kwa mashamba yanayoihitaji.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti