Jua la utosini: barua kwa binti yangu

Mwanangu,

Picha ya meza yako ya vipodozi nimeiona. Unanijua nilivyo: nimeikuza kwenye simu nikasoma lebo moja baada ya nyingine. Nimeona krimu nzito ya usiku, mafuta ya kupaka juu ya hiyo krimu, seramu za kila rangi, na kikopo kimoja kisicho na lebo kabisa. Hicho tutakizungumzia peke yake. Swali lako lilikuwa fupi: mbona na vyote hivi uso bado unaota vipele na madoa hayaondoki? Jibu langu ni refu kidogo, kwa hiyo kaa kitako.

Vingi vya vitu hivyo vimetengenezwa kwa mtu anayeishi kwenye baridi. Huko hewa ni kavu, ngozi inapasuka, na krimu nzito ina kazi ya maana ya kuzuia maji ya ngozi yasipotee. Wewe unaishi kwenye joto lenye unyevu. Hewa imeshashiba maji, ndiyo maana jasho linakutiririka badala ya kukauka na kukupoza. Sasa juu ya jasho hilo wewe unapaka mafuta safu juu ya safu. Vijitundu vya jasho vikiziba unapata harara, vile vipele vinavyochomachoma mgongoni na chini ya matiti. Usoni, vinyweleo vikiziba, unapata chunusi. Hata mafuta ya nazi unayoyasifia, yaache kwenye nywele na visigino. Uso wenye chunusi hauyataki.

Asubuhi unahitaji vitu vitatu tu. Kwanza osha uso kwa kisafishaji laini, si kwa sabuni ya kipande. Ngozi kwa asili yake ina uchachu kidogo, na sabuni nyingi za kipande ziko upande wa pili kabisa: kwenye pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikipanda uchachu unapungua, ziko 9 au 10. Ule mkwaruzo unaousikia ukipitisha kidole shavuni baada ya kunawa si usafi, ni ngozi iliyovuliwa mafuta yake. Kama joto linakulazimisha kuoga mara kadhaa kwa siku, oga, lakini sabuni iishie kwapani, kwenye mikunjo na miguuni. Kwingine maji yanatosha. Pili, uso ukiwa bado na unyevunyevu, paka losheni nyepesi au jeli yenye glisarini. Usiku fanya hayo mawili, basi. Ofisini kwenu kiyoyozi kinakausha hewa kutwa nzima, kwa hiyo weka losheni ndogo kwenye droo upake mikono ukihisi imekaza.

Tatu ni sanskrini, yaani krimu ya kukinga ngozi na jua, na hapa sitafupisha.

Sehemu yote ya dunia iliyo kati ya nyuzi 23.5 kaskazini na nyuzi 23.5 kusini ndiyo inayopigwa na jua la utosini. Shirika la Afya Duniani linashauri watu waanze kujikinga kipimo cha mionzi ya jua (UV index) kinapofika 3. Kwenye nchi za joto mchana wa kawaida kipimo hicho hufika 11 na kupita, ambayo ndiyo ngazi ya juu kabisa. Wingu jepesi halikusaidii sana, mionzi mingi inapenya. Huna haja ya kifaa chochote kujua: angalia kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, tafuta paa, mwavuli au kofia pana. Na ukienda kutembea milimani usidanganywe na ubaridi, kwa sababu kila ukipanda mita 1,000 mionzi inaongezeka kwa karibu asilimia 10.

Najua utasema nini. "Mama, mimi ni mweusi." Ni kweli, na mshukuru Mungu kwa hilo. Rangi yako inakukinga na kuungua, na wataalamu waliwahi kuikadiria kuwa sawa na SPF 13 hivi, SPF ikiwa ni ile namba ya nguvu ya kukinga inayoandikwa kwenye sanskrini. Lakini wewe hukuniandikia kuhusu kuungua, umeniandikia kuhusu madoa. Doa la chunusi kwenye ngozi nyeusi hukolezwa na jua, tena si na mionzi isiyoonekana peke yake, hata mwanga wenyewe huu tunaoonea huyakoleza. Ndiyo maana unaweza kupaka seramu ya kuondoa madoa kila usiku, halafu asubuhi ukakaa dirishani kwenye basi na jua likarudisha yote nyuma. Kioo kinazuia mionzi ya kuunguza. Ile inayozeesha ngozi na kukoleza madoa inapita sehemu kubwa.

Kwa hiyo nunua sanskrini ya SPF 30 au zaidi, na ikiwezekana ile yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi ya chuma. Hiyo inakinga hata ule mwanga unaoonekana, na uzuri wake haikuachi na uso wa kijivu kama uliopakwa majivu. SPF 30 huzuia asilimia 97 hivi ya mionzi inayounguza, SPF 50 asilimia 98, kwa hiyo usijitese kutafuta namba kubwa. Kinachowaangusha wengi ni kiasi. Kamua mstari mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, kuanzia mzizi hadi ncha. Hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Utaona ni nyingi mno. Paka nusu kwanza, subiri ishike, kisha paka nusu ya pili, usisahau masikio. Ukiwa nje rudia kila baada ya saa mbili, na jasho likikutoka ligandamize kwa kitambaa, usisugue. Jioni ukitaka dawa ya mbu, sanskrini itangulie ikauke, dawa ifuate.

Madoa yenyewe yape miezi. Usitumbue chunusi, hapo ndipo yanapozaliwa. Ukiona mabaka mapana ya kahawia mashavuni na kwenye paji baada ya kuanza vidonge vya uzazi wa mpango au ukiwa mjamzito, ujue homoni zina mkono wake humo, na hapo sanskrini ndiyo dawa ya kwanza. Retinoli, ile dawa ya ngozi ya jamii ya vitamini A, usiguse ukiwa na mimba au ukiitafuta. Na ile seramu ya vitamini C niliyoiona imekuwa kahawia kama chai ya rangi imeshaharibika, itupe. Nyingine ukinunua ikae kwenye friji. Sanskrini nayo usiiache ndani ya gari juani.

Halafu ndimu. Niliona kwenye picha kipande cha ndimu pembeni ya kioo na nikashika kichwa. Maji ya ndimu na limau yana kemikali zinazoamshwa na jua. Ukijipaka, au hata ukikamulia tu kinywaji kisha ukakaa juani, baada ya siku moja au mbili unaweza kuota malengelenge, na yakipona yanaacha weusi wa wiki na miezi, wakati mwingine ukifuata kabisa michirizi ilipotiririkia mkononi. Ndimu iishie jikoni.

Sasa kile kikopo. Krimu isiyo na lebo, inayong'arisha "ndani ya siku saba", ni mkorogo, hata kama aliyekupa ni rafiki na anakupenda. Ndani yake mara nyingi kuna kimoja kati ya vitu vitatu, au vyote kwa pamoja. Kuna zebaki, inayoharibu figo na kubaki kwenye mataulo na mashuka, hata mtoto anayekulalia shavuni akaipata. Dunia iliafikiana juu yake kwenye Mkataba wa Minamata wa 2013, na mwaka 2020 ukawekwa kuwa mwisho wa kutengeneza na kuingiza vipodozi vilivyozidi sehemu moja ya zebaki kwa milioni, lakini vikopo bado vinazunguka. Kuna haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu huleta mabaka ya bluu-nyeusi mashavuni, yasiyosikia dawa kirahisi. Na kuna dawa kali za ukurutu, kama klobetasoli. Hizi ndizo zinazowanasa watu, kwa sababu wiki za mwanzo uso unakuwa laini kweli, chunusi zinapotea, kila mtu anakusifia. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inachungulia, na ukiacha uso unawaka moto, ukirudia unatulia. Umeshafungwa. Kama umekipaka mara chache, kitupe leo. Kama umekipaka kwa wiki nyingi, usiache ghafla bila msaada: kichukue chenyewe umpelekee daktari wa ngozi akione. Sitakugombeza, lakini kwa hili sina lugha laini. Rangi yako haina ugonjwa wa kutibiwa.

Yapo mambo ambayo hayatibiki kwa vipodozi hata ukinunua duka zima. Shingo ikiwa nyeusi na nene, laini kama mahameli, usiisugue kwa dodoki hadi ichubuke. Mara nyingi ni mwili unaosema sukari haiendi sawa, kapime. Mabaka madogo yaliyofifia rangi, yenye unga, kifuani na mgongoni kwenye msimu wa joto kwa kawaida ni fangasi, na rangi huchelewa kurudi hata fangasi wakishakufa, kwa hiyo usirudierudie dawa ukidhani haikufanya kazi.

Haya, tuje kwenye raha, maana najua unadhani barua yote ni makatazo. Mimi siamini mwanamke adumu na utaratibu wowote kama hauna kitu anachokingojea. Na katika joto raha kubwa ni ubaridi. Lowesha kitambaa kidogo cha pamba kwa maji ya waridi, kikamue, kikunje, kikae kwenye friji ndani ya mfuko safi. Ukirudi kutoka kazini, kabla hujafungua simu, lala chali chini ya feni, kiweke juu ya macho mpaka kipate joto lako, kisha kigeuze upande wa pili. Raha hiyo inashinda nusu ya seramu zako.

Mara moja kwa wiki hudumia miguu yako, na ifanyie mambo makubwa. Ndala na vumbi ndivyo vinavyoleta magaga. Chukua beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, loweka mpaka kisigino kilegee. Jiwe la kusugulia lipite taratibu kwa kuelekea upande mmoja, usikwangue hadi uone nyama nyekundu. Kausha vizuri katikati ya vidole, maana hapo fangasi hupapenda. Kisha paka krimu yenye urea kisiginoni, si kati ya vidole, uvae soksi za pamba ulale. Usiku wa joto soksi utazivua usingizini, najua, hata saa moja inatosha.

Ukiwa umeishika hiyo miguu, igeuze uangalie nyayo na kucha. Saratani ya ngozi aina ya melanoma kwa watu weusi ni nadra, lakini ikija hupenda kujificha pale pale, unyayoni, kiganjani na chini ya ukucha. Bob Marley aligunduliwa nayo mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Wengi wetu watu weusi tuna michirizi ya rangi kwenye kucha na si ugonjwa. Mstari mpya unaopanuka, au unaotoka nje ya ukucha na kutia rangi nyama ya pembeni, huo ndio wa kumwonyesha daktari. Rangi ya kucha ipake, inapendeza, ila unapoifuta pitisha jicho kabla ya kupaka nyingine.

Ukitaka hina, iwe hina yenyewe, inayotoa rangi ya machungwa kisha kahawia. Ile ya kukoza weusi kwa dakika chache ina kemikali ya rangi za nywele na watu wameungua nayo hadi kubaki na makovu ya maua waliyochorwa. Urembo gani huo.

Nimekutumia chupa ndogo ya marashi kupitia kwa shangazi yako, wiki hii utaipata. Usiyapulize shingoni ukaenda juani, baadhi ya mafuta ya jamii ya machungwa yaliyomo kwenye marashi hufanya kama ile ndimu. Pulizia nguo, au mtandio, au nywele kidogo kwa mbali. Na tafadhali usiyawekee akiba ya harusi za watu. Jipulizie hata siku ya kufua. Joto linaharibu marashi upesi, na nikija huko sitaki kuikuta chupa imejaa.

Ukimwona daktari, nipigie siku hiyo hiyo.

Mama yako