Barua kwa wajina: toa gari gerejini, kisha ondoka taratibu

Wajina wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale ulipoeleza asubuhi zako za baridi. Unasema unawasha gari likiwa ndani ya gereji, mlango umeuacha wazi nusu ili baridi isiingie, unarudi ndani kujiandaa, na baada ya dakika 20 unalikuta limeshapata moto. Wajina, nakuomba hilo uliache kuanzia kesho. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, inashika kwenye damu pale ambapo oksijeni ingeshika. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anapata kizunguzungu, analegea, akidhani hakulala vizuri. Mlango ulio wazi nusu hautoshi hata kidogo, na kama gereji imeungana na nyumba, gesi hiyo inapenya hadi vyumbani kwa watoto. Fungua mlango wote, washa, toa gari nje papo hapo. Na likilala nje usiku wa theluji, zunguka nyuma kwanza uangalie bomba la moshi. Likizibwa na theluji, moshi unatafuta njia ya kuingia ulipokaa.

Hilo nimelitanguliza kwa sababu ni uhai wako. Sasa nije kwenye injini yenyewe.

Tabia hii najua tuliipata wapi. Waliotufundisha kuendesha walikulia kwenye magari ya kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, na kwa magari yale walikuwa sahihi kabisa. Petroli ikipoa sana haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo ulivuta choki ili petroli izidi, ukasubiri, na ukiondoka kabla ya wakati gari linakohoa na kukuzimikia njiani. Gari lako ni la injekta. Kompyuta yake inapima joto la injini na la hewa inayoingia, kisha inaongeza petroli yenyewe kadiri baridi ilivyo. Haikuhitaji usubiri.

Na hiyo petroli ya ziada ndiyo inayonifanya nikuandikie kwa urefu huu. Majira moja ya baridi nililea gari langu kama wewe, kila asubuhi nusu saa, nikiamini nalitunza. Siku moja nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama ya juu, na mimi sikuwa nimeongeza hata tone. Nikaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada: nyepesi, haina ule utelezi wake, inanuka petroli waziwazi. Nikafungua na mfuniko wa kujazia oili, nikakuta kwa ndani umeganda utando mweupe wa manjano kama krimu. Huo ni mvuke wa maji uliochanganyika na oili kwenye injini isiyofikia moto wake kamili.

Fundi aliyenieleza alinionyesha kwa mikono yake. Injini ikiwa baridi, si petroli yote inayoungua. Iliyobaki inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha utando wa oili unaozuia chuma kisilane na chuma, inapita kwenye ringi za pistoni na kutua chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kila injini hupitia hali hiyo inapowaka, lakini kwa muda mfupi. Gari likisimama tu linanguruma, halina mzigo, linapata moto polepole mno, na muda huo mbaya unarefuka. Likitembea, moto unakuja haraka. Nilidhani naikinga injini yangu, kumbe nilikuwa nailisha petroli kwenye oili.

Kwa hiyo fanya hivi. Washa, litoe nje kama lilikuwa gerejini, safisha vioo vyote, funga mkanda. Sikiliza: mwanzo injini inazunguka kwa kasi, kisha mlio unashuka na kutulia. Sekunde 30 hadi dakika moja hivi zinatosha oili kufika juu. Halafu ondoka, na hapa ndipo uvumilivu wako wote uende: dakika 10 au 15 za mwanzo usikanyage mafuta kwa nguvu, usipite mizunguko 2,500 hivi ya injini kwa dakika, usilipige resi ukiwa umesimama. Sindano ya joto isikudanganye. Ile inapima maji, na oili hupata moto nyuma ya maji kwa dakika kadhaa. Isitoshe, gia, beringi, shokapu na matairi vinaamka kwa mwendo tu. Ungesimama saa nzima vingebaki baridi karibu vilevile.

Baridi ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi, ongeza dakika chache, sikukatazi. Na kioo cha mbele kikiwa bado na barafu usiondoke, hata iwe umechelewa. Huko kwenu watu wengi hutumia hita ya umeme inayopasha injini ikiwa imezimwa. Saa mbili kabla ya kuondoka zinatosha, na hiyo ndiyo ningekushauri ununue kuliko kuchoma mafuta bure. Angalia pia oili unayotumia. Herufi W kwenye 0W-20 au 5W-30 inahusu majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake ikiwa ndogo, oili inatiririka upesi zaidi kwenye baridi. Fuata kitabu cha gari. Betri ipime mapema, maana baridi inaipunguzia nguvu wakati uleule stata inapohitaji nguvu zaidi kuzungusha oili nzito.

Mke wako na dizeli lake mwambie asubiri ile taa ya njano yenye alama ya koili, inayoonyesha plagi za kupasha moto zinafanya kazi, izime ndipo apige stata.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha, gari likiwa mahali tambarare, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Kinuse. Oili ikiwa imevuka alama au inanuka petroli, ibadilishe pamoja na filta wiki hii hii. Kisha niandikie umekuta nini.

Wajina wako