Zainabu, mwambie Mama yako ampigie Ami

Ngamiani, Tanga
Jumatano usiku

Shoga yangu Zainabu,

Assalaam alaykum. Natumai hapo Mombasa nyote hamjambo, Mama yako, shemeji na watoto. Sisi huku tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mola. Najua nimekaa kimya tangu Mfungo Mosi, na simu zako mbili sikupokea. Niwie radhi. Kila nikitaka kukupigia naanza kulia kabla sijasema neno, basi nimeona bora niandike, na Bi Hadija anavuka mpaka wa Horohoro kesho alfajiri atakuletea.

Mdogo wangu Salimu alikamatwa. Ijumaa ya wiki mbili zilizopita, ametoka kunywa dawa yake kliniki, akapekuliwa pale stendi akakutwa na kete moja ya unga, heroini. Hakusingiziwa. Nilimuuliza tukiwa wawili tu, akaniambia ilikuwa yake. Tangu arobaini ya Baba alikuwa akiyumba na sote tuliona, tukanyamaza. Kwa hiyo sikuandikii kukwambia kwamba kaonewa. Alikuwa ametimiza miezi kumi na minne hajagusa unga, Zainabu.

Wakamweka ndani mpaka Jumanne jioni. Hesabu mwenyewe siku alizokosa methadoni, ile dawa ya kumwachisha heroini: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Hapewi aende nayo nyumbani. Inanywewa pale pale dirishani, muuguzi anamtazama mpaka ameze, kila siku ya Mungu, iwe sikukuu iwe mvua. Jumapili nilimpelekea chai na maandazi, nikamkuta amejikunja ukutani, makamasi na machozi yanamchuruzika, miayo haikatiki, na kanzu ya Baba aliyovaa kwa sala ya Ijumaa imelowa jasho. Arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, ilikuwa imemshika sawasawa. Nikatoa kadi yake ya kliniki, nikamweleza aliyekuwa zamu kwamba huyu ni mgonjwa, yuko kwenye matibabu. Akanijibu, tena kwa upole, "Mama, hapa tuna mtuhumiwa. Wagonjwa wako hospitali."

Neno hilo halijaniacha nilale. Mtu ni mmoja, mwili ni mmoja, na umegawanywa kati ya ofisi mbili ambazo hazisemezani. Asubuhi serikali inamnywesha dawa, tena bure, na mchana serikali hiyo hiyo inamfungia mahali ambapo dawa haifiki.

Alipotoka, kliniki walilazimika kumshusha kipimo, kwani mwili ukikaa siku kadhaa bila dawa hauhimili tena kile cha zamani. Ungempa, unaweza kumkata pumzi. Sasa wanampandisha kidogo kidogo, na kwenye siku hizi za kipimo kidogo ndiko hamu inakorudi na nguvu. Mama yangu analala mlangoni pa chumba chake. Mwanamke wa miaka sabini na moja, analala sakafuni juu ya mkeka.

Sasa lililonifanya niandike. Aliyemwekea Salimu dhamana ni Ami Athumani, naye amesema anataka kujitoa. Anasema tumemdekeza, na jela itamfunza. Akijitoa kabla hatujapata mdhamini mwingine, Salimu anarudi mahabusu na hesabu ile ya siku inaanza upya. Kikao cha ukoo ni Jumamosi baada ya Isha.

Na wewe nakumbuka maneno yako mwaka jana walipokuibia mtungi wa gesi. Ulisema mateja wafungwe wote watu wapumue. Sikukujibu, kwa sababu ulikuwa na haki ya kukasirika, na kwa sababu Salimu naye aliwahi kuuza cherehani ya Mama. Halafu ukanitumia ile habari ya Oregon, ya Marekani, nadhani ukitaka nione mwisho wa kuwahurumia. Nimeisoma mara tatu. Ni kweli, walipiga kura mwaka 2020, na kuanzia Februari 2021 mtu akikutwa na kiasi kidogo hashitakiwi jinai, anaandikiwa faini ya dola 100, na akipiga simu kupimwa afya anasamehewa. Wengi hawakulipa na hawakupiga simu. Fentanili nayo, dawa kali kuliko heroini, ikawajia wakati huo huo, watu wakawa wanafia barabarani, na Septemba 2024 kosa likarudishwa kwenye jinai. Sikatai hata herufi moja. Lakini tazama walichofanya: waliondoa kosa kabla hawajaweka pa kumpokea mtu. Karatasi ya faini na namba ya simu! Salimu wa miaka ile, mwenye arosto, angepiga simu gani?

Soma na ya Ureno basi. Daktari mmoja alituelezea kwenye kikundi chetu cha familia. Miaka ya tisini, nchi ya watu kama milioni kumi ilikuwa na watumiaji wa heroini wanaokadiriwa kufika laki moja, na virusi vya Ukimwi vinatembea kwenye sindano. Kuanzia Julai 2001, anayekutwa na kiasi kisichozidi matumizi yake ya siku kumi hapelekwi mahakamani. Anapelekwa mbele ya jopo la watu watatu, wanaotoka kwenye sheria, afya na ustawi wa jamii, wanamuuliza anatumia nini, tangu lini, nani yuko nyumbani. Muuzaji bado anakwenda jela. Unga bado umekatazwa, na unachukuliwa. Hili ndilo Ami hataki kulisikia, anadhani ninayesema hivi nataka unga uuzwe dukani kama sukari! Kuhalalisha ni jambo jingine, na mimi sitaki kuliona maishani mwangu. Ninachotaka ni mtumiaji asihesabiwe mhalifu, basi. Na Ureno waliweka fedha kwenye matibabu, magari ya methadoni yakawa yanawafuata watu mitaani Lisbon. Maambukizi mapya ya Ukimwi kwa wanaojidunga yalishuka mno, na nchi haikugeuka kijiwe kama wengi walivyohofia.

Ami anasema haramu ni haramu. Sibishani naye. Pombe nayo ni haramu kwetu, na mlevi anapotoka baa hatumpeleki mahabusu. Tunamketisha, tunamsemesha, tunamwombea. Na mirungi je? Shemeji akimaliza Isha hapo kwenu anakaa barazani na fungu lake la miraa, halali, wakulima wa Meru wanasomeshea watoto. Avuke nalo Horohoro hatua chache tu, majani yale yale, ni dawa za kulevya na karandinga inamsubiri. Simsemi vibaya shemeji, unajua ninavyomheshimu. Nasema tu kwamba mstari wa jinai umechorwa na watu, na watu wanaweza kuukalia kikao. Bangi ni mazungumzo mengine, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima aitumiaye faraghani haingiliwi, lakini hilo sina moyo nalo leo. Mimi nina Salimu.

Na unga wenyewe hautoki kwa Salimu. Unatoka Afghanistan, unapakiwa majahazini pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, unashuka na bahari mpaka kwetu. Unakumbuka mwaka 2014, ile manowari ya Australia ilipokamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi moja, huko kwenye maji ya upande wenu? Na wale ndugu wawili wa hapo Mombasa, miaka yote watu wakiwajua, mpaka wakahukumiwa New York, mmoja miaka 25 mwingine 23. Huko ndiko nguvu ipelekwe. Kete ya mdogo wangu inaenea kwenye ukucha.

Halafu kuna hofu, na hii naijua kwa macho yangu. Zamani Salimu alikuwa akijidunga kule nyuma ya maghala, mbiombio kwa kuogopa difenda, sindano moja watu wanne. Hakuna aliyewahi kuacha kwa kuwakimbia polisi. Alianza kupona siku alipokwenda mahali palipo na mlango wazi na mtu akamwita kwa jina lake. Muhimbili walianza kutoa methadoni mwaka 2011, nyinyi Kenya mwishoni mwa 2014, na siku ilipofika huku Tanga Mama alisujudu. Nani atakwenda kwenye mlango huo akijua kwamba njiani anapekuliwa?

Nimerudi pale pale, najua. Siku nne. Nikifunga macho naiona ile kanzu.

Basi ombi langu. Ami hanisikilizi, kwake mimi ni mtoto wa kike aliyesoma sana. Lakini Mama yako, Ami anamheshimu tangu ujana wao, na aliona kwa macho yake namna Mama yako alivyosimama na Faki wenu, alipokuwa kwenye unga na kila mtu akamfukuza. Mwombe ampigie. Asimhubirie, amweleze tu Faki alikuwaje na sasa yukoje. Nikipata mwezi mmoja tu wa dhamana, kipimo chake kitakuwa kimerudi mahali pake.

Unaonaje, atakubali? Au nimemtwisha mzigo, na presha yake? Faki bado anakwenda kliniki ya Kisauni kila siku, au wameshampunguzia? Yeye alipokamatwa ile mara ya pili, dawa ilimfikiaje, kuna aliyempelekea? Nani aliwasemea? Na wewe, bado unasema wafungwe wote? Niambie kweli, sitakasirika. Mtungi ulishanunua mwingine? Maulidi mtakuja?

Ampigie Ijumaa baada ya alasiri, ndipo Ami anakuwa barazani na simu iko karibu. Namba ni ile ile ya zamani.

Wako,
Mwanaidi