Dawa ya kweleakwelea inamuua na kozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo linaloniuma kuhusu upuliziaji wa dawa ya kweleakwelea huku kwetu Igunga, mkoani Tabora.

Mimi ni mkulima wa mpunga pembezoni mwa mbuga ya Wembere. Mpunga ukianza kutia maziwa, nyumba nzima tunahamia shambani kuamia ndege, watoto juu ya dungu na makombeo yao, mama yao na debe bovu. Kweleakwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi moja laweza kuwa na ndege milioni na zaidi. Kwa hiyo ndege ya kupulizia ikisikika angani, mimi ni wa kwanza kushukuru. Siipingi dawa. Ninayemlilia ni kozi, ndege mwindaji anayekula ndege wenzake.

Wengi wetu hatumjui kwa sababu hukaa juu mno. Huyu wa kwetu ana utosi wa rangi ya kutu, na jike ni mkubwa kuliko dume. Jioni kweleakwelea wanaporudi kulala kwenye migunga, yeye keshawatangulia. Wakipita chini yake anakunja mabawa na kushuka, na sauti ya upepo inayokufikia ni kama ya kanga inayopasuliwa. Kundi zima linajikunja na kugeuka. Yeye anatokea upande wa pili na mmoja kwenye makucha. Ukingo wa mdomo wake wa juu una kijino, nacho ndicho anachokatia shingo ya windo. Siku nyingine huja dume na jike, mmoja anavuruga kundi na mwenzake anadaka aliyejitenga. Hukosa pia, tena mara nyingi, akapaa upya.

Ndugu yake, kozi wa majabali anayepatikana karibu dunia nzima, amepimwa akishuka kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Hakuna mnyama mwenye kasi hiyo.

Sasa dawa. Inayotumika sana ni fenthioni, sumu ya mishipa ya fahamu. Kweleakwelea hawafi wote usiku uleule. Kunapokucha wapo waliolegea, wanaoruka chinichini au kugaagaa majanini, na kozi hawezi kumwacha ndege wa namna hiyo. Msimu uliopita, asubuhi baada ya kupuliziwa, nilimkuta mmoja chini ya mgunga, kifudifudi, vidole vimekakamaa, manyoya ya kweleakwelea yamenasa kwenye kucha. Nilimgeuza kwa kijiti. Jicho lake jeusi lilikuwa bado linang'aa. Bundi na tai nao huokota mizoga hiyo. Na watoto wa vijijini, Mungu atusaidie, huibeba kwenda kuifanya mboga.

Huko Marekani kozi wa majabali alikaribia kwisha kwa sababu ya DDT, dawa ya kuua wadudu. Sumu ilipita kwenye wadudu, ikaingia kwa ndege wadogo, ikafika kwake, na maganda ya mayai yake yakawa membamba hata yakavunjika yakiatamiwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 upande wa mashariki wa nchi hiyo hakukuwa na jozi iliyokuwa ikizaa. DDT ilipigwa marufuku mwaka 1972, na ndege huyo alitolewa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1999, baada ya kazi kubwa ya kumzalisha na kumwachia porini.

Kweleakwelea huzaa hata mara kadhaa kwa mwaka, wakifuata mvua. Kozi hutaga mayai matatu au manne tu kwa msimu, wa kwetu mara nyingi katika kiota kilichoachwa na kunguru. Tukimuua leo, kweleakwelea watarudi kabla yake, nao watakuta hakuna wa kuwashukia.

Ombi langu kwa wahusika: wanavijiji tuambiwe siku ya kupulizia mapema, kwa kipaza sauti na misikitini na makanisani, si kusikia injini tu. Kesho yake alfajiri, kabla jua halijapanda, vijana waliofundishwa waokote mizoga na walio hoi, wavifukie vyote kwenye shimo refu mbali na maji. Majembe na matoroli tunayo wenyewe. Glavu, viatu vya mpira na vifuniko vya pua tunaomba viletwe pamoja na dawa.

Mkulima wa mpunga,
Igunga, Tabora