Muuaji wa Christchurch alipewa leseni

Mhariri,

Kila panapotokea mauaji ya halaiki kwa risasi, hurudi hoja ileile: aliyekwisha kudhamiria kuua hazuiwi na sheria. Naipinga, na ushahidi wangu ni Christchurch, New Zealand, ambako watu 51 waliokwenda kuswali Ijumaa waliuawa katika misikiti ya Al Noor na Linwood, tarehe 15 Machi 2019.

Muuaji yule, raia wa Australia, hakununua bunduki uchochoroni. Alihamia huko Agosti 2017, akaomba leseni polisi, na Novemba akawa nayo. Kwa kawaida mmoja wa wadhamini wa mwombaji alitakiwa awe mtu wa familia yake. Yeye hakuwa na ndugu nchini humo, basi polisi wakamkubali rafiki waliyejuana naye zaidi kwa michezo ya kompyuta mtandaoni, pamoja na mzazi wa rafiki huyo. Akanunua bunduki kihalali, akazipachika magazini kubwa, yaani vikasha vya risasi, ambazo wakati ule ziliuzwa hata kwa asiye na leseni. Julai 2018 bunduki ilimfyatukia nyumbani, akaenda hospitali. Sheria haikuwalazimu matabibu kuwaarifu polisi. Hayo yote yaliandikwa na Tume ya Kifalme iliyochunguza mauaji hayo.

Inaniuma sana kuisoma ripoti ile. Anayeua kwa hasira za papo hapo ndiye mgumu kumdaka. Anayepanga anahitaji muda, fedha, risasi na mahali pa kujifunza shabaha, na kila hatua inamfikisha mbele ya mtu anayeweza kumuuliza swali.

Bunge lao lilipiga marufuku bunduki nyingi zinazojipakia zenyewe kabla ya mwezi mmoja kupita tangu mauaji, kwa kura 119 dhidi ya 1. Lilifanya vyema. Mimi naupa uzito zaidi usajili wa bunduki ulioanza Juni 2023, kwa kuwa awali serikali ilimjua mwenye leseni bila kujua anamiliki bunduki ngapi.

Wapo watakaonitajia Garissa, 2015, na roho 148 zilizopotea. Kweli, magaidi wanaovusha silaha mpakani hawajazi fomu. Hao wanahitaji mbinu nyingine. Lakini mtu wa peke yake, asiye na genge wala mfanyamagendo, anategemea leseni. Nawasihi watunga sheria waanze na wadhamini: wamemjua mwombaji tangu lini, wamewahi kuishi naye, na nani amekwenda kuhakikisha?

Msomaji wenu,
Tanga