Kwa wazazi wa Simba na Yanga mnaolea saa hivi

Habari zenu wanangu. Nawaandikia nyie wenye watoto wadogo, wa Jangwani kwa Yanga na wa Msimbazi kwa Simba wote, na mi ni Yanga wa kuzaliwa, nalisema hilo mapema kabisa.

Kilichonifanya nikae niandike ni zile video. Timu imefungwa, mtoto wa miaka minne mitano analia kamasi zinamtoka, na mzazi badala ya kumshika mtoto kashika simu anamrekodi, anamuuliza mara tatu mara nne "nani katufunga? sema nani katufunga?" ili azidi kulia watu wapate kucheka. Nyingine mtoto hata kutamka vizuri hajaweza anafundishwa kuwaita wenzake makolo kama ni Simba, au utopolo kama ni Yanga, na sebule nzima inapiga makofi. Jamani. Utani wa jadi sikatazi, nimekulia humo, ila utani una adabu zake, unamtania mtu mwenye uwezo wa kukujibu. Mtoto wa miaka minne atakujibu nini?

Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani Magomeni. Yanga damu, yaani Simba ilishabadili jina tangu 1971 lakini yeye mpaka anaingia kaburini alikuwa anaiita Sunderland. Julai 1977 nina miaka tisa, wakatupiga sita bila, Kibadeni peke yake tatu. Mi nilibaki nyumbani, redio yetu betri zimekwisha, nasikilizia ya jirani ukutani, na lilipoingia la nne jirani akatoka barazani anacheza, basi nikaingia zangu uvunguni mwa kitanda. Baba kurudi kutoka uwanjani akavua viatu mlangoni, akainama akanitoa uvunguni, akanipa karanga alizoniahidi, zile za kufungwa kwenye gazeti, karatasi imelowa jasho la mfukoni. Akasema, "Tumefungwa sita, wametuzidi." Hakuongeza neno. Asubuhi kavaa shati lake la njano lile lile la jana, kanishika mkono mpaka barazani kwa jirani, akasalimia, akakaa, akataniwa mpaka chai ikaisha na yeye akawa anacheka. Mi nimesimama pembeni namwangalia tu. Ushindi niliuona mwingi baadae, lakini U-Yanga wangu uliingia asubuhi ile.

Kwa mwanangu mimi nikaja kuharibu. Nilimvalisha njano na kijani toka hajatembea nikajua nimemaliza kazi. Kafika darasa la tano, rafiki zake wote mtaani Simba, mjomba wake akamnunulia jezi nyekundu, akawa haivui. Mei 6, 2012 tukafungwa tano bila, mpaka kipa wao Kaseja akafunga kwa penalti, na mtoto akashangilia mle mle ndani mbele yangu. Nilimvua ile jezi kwa nguvu. Mkono ulimnasa kwenye kwapa la jezi, akasema baba unaniumiza, na nikavuta hivo hivo, nikaifungia kabatini nikamwambia nyumba hii haikai Mnyama, yaani Simba.

Wiki mbili hazijaisha Patrick Mafisango, mmoja wa waliofunga siku ile, akafa kwa ajali ya gari hapa hapa Dar. Nilimkuta mwanangu uani analia peke yake. Aliponiona akafuta macho haraka haraka akainama anajifanya anafunga kamba za viatu, na mtoto alikuwa na ndala. Alikuwa na msiba wake na akaona bora aufiche kuliko baba yake aujue. Leo ni mtu mzima, ananijali, hela ya dawa anatuma bila kukumbushwa, lakini mpira haangalii kabisa, wa Simba wala wa Yanga, nikiwasha TV ananyanyuka anatoka nje. Miaka yote hii sijawahi kukaa nae dakika tisini.

Kwa hiyo mjukuu, binti wa dada yake, nimeenda nae taratibu. Nawaomba sana msianze na dabi, Simba na Yanga zenyewe. Uwanja wa Mkapa unajaa watu elfu sitini, mtoto ataona migongo ya watu na kusikia matusi basi. Mpelekeni mechi ndogo alasiri, uwanja wa Chamazi au hata kiwanja cha mtaani, akae mbele, amsikie kipa anavyowapigia kelele mabeki wake, ale muhogo wake, akichoka mrudi nyumbani hata kama ni dakika ya sitini. Wangu swali lake la kwanza lilikuwa refa yeye anashangilia nani.

Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 alikuwa na miaka saba. USM Alger wa Algeria walishatufunga 2-1 hapa nyumbani, tukaenda kwao tukashinda 1-0, na kombe wakabeba wao kwa faida ya magoli ya ugenini. Akaniuliza "Babu si tumeshinda?" Nikachukua vizibo vya soda nikavipanga mezani, vyetu huku vyao kule, tukahesabu viwili kwa viwili, halafu nikamwonyesha vyao vyote viwili walivipata kwetu, sisi kwao tumepata kimoja, na mkilingana aliyefunga mengi ugenini ndiye anayebeba. Akavitazama weee. Akasema haiko sawa. Nikamwambia hata mi naumia. Tukakaa hivo hivo pale na vizibo vyetu, na kesho yake alivyoamka kitu cha kwanza akaomba jezi yake. Wa Msimbazi nanyi fainali hiyo hiyo mliyapata ya Berkane wa Morocco pale Amaan, Zanzibar, Mei 2025, kombe wakabeba wao, najua mlikaa na watoto wenu usiku ule, na natumaini simu mliziweka chini.

Wengi mnaniuliza, je akienda upande wa pili? Mnunulie jezi mzee wangu, mnunulie kwa mkono wako mwenyewe, na upesi. Ile nyekundu ya mwanangu nilikuja kuitoa kabatini nikampa, mwaka ulishapita. Aliijaribu, ikagoma mabegani, akaikunja vizuri akanirudishia.